Wali na mchuzi wa kukausha kwa ajili ya dago: namna ninavyofanya

Asalamu alaykum. Wengi wameniuliza kuhusu yale makopo niliyopakia mashuani safari iliyopita ya dago, yaani kambi ya wavuvi visiwani, na mmoja akaapa kwamba nimechukua chakula cha kuku. Si cha kuku. Ni wali uliokwisha pikwa, ukakaushwa mpaka punje zikawa zinalia kama changarawe ukitikisa kopo, pamoja na mchuzi wa maharage uliogeuka magamba. Unatia maji ya moto, unafunika, robo saa unakula.

Sisi Wapemba kukausha hatuhitaji kufundishwa. Karafuu tunaanika tangu wadogo, makopa tunayajua, papa tunamfanya ng'onda. Lakini vyakula hivyo tunavikausha vibichi, na siku ya kula unaanza kupika upya tangu mwanzo. Na dago shida yake kubwa si chakula, ni kuni na muda. Kama umewahi kuchochea mafiga kwenye mchanga wa kisiwa cha Misali huku kusi linavuma, maharage saa ya pili hayajalainika, na wenzio wametoka baharini wamerowa wamekaa wanakutazama, basi unanielewa. Dawa ni kupikia nyumbani, ukaenda na kilichokwisha iva.

Nieleze kwanza nilivyoharibu, maana huko ndiko nilikojifunza. Mara ya kwanza nilikausha pilau. Pilau khasa, la nyama ya mafuta na tui zito. Likakauka, au nikadhani limekauka, nikalitia koponi. Wiki ya tatu tulipolifungua lilinuka sabuni. Wenzangu wakaliita pilau la kufulia, na jina hilo sijalivua mpaka leo. Sababu yake ni kwamba mafuta hayakauki. Maji yanatoka, mafuta yanabaki, na joto na hewa vinayaharibu. Mafuta ya nazi yakiharibika hutoa harufu na ladha ya sabuni. Kwa hiyo kila kitu hapa chini kinapikwa bila tui na bila samli. Najua inauma. Mafuta utayabeba mbali, kwenye kichupa, na nazi huko visiwani utaikuna mwenyewe ukitaka.

Hatua ya kwanza: wali

Pika mchele kilo moja kwa maji na chumvi tu, uive sawasawa, usiwe bokoboko. Ukiiva usiuache sufuriani upoe taratibu. Uepue na uutandaze papo hapo kwenye treya, unene wa punje moja au mbili, uvunje mabonge kwa uma. Hili si la usafi wa macho tu. Wali uliopikwa ukikaa na uvuguvugu kwa masaa huota vijidudu vinavyotoa sumu, na sumu hiyo haiondoki hata ukiuchemsha tena.

Oveni iwe nyuzi 60, mlango uuachie nafasi ya upana wa kidole ili mvuke utoke. Masaa matano mpaka saba. Katikati geuza na vunja mabonge yaliyobaki. Punje iliyokauka hukatika ukiibana kwa meno, haibonyei.

Sasa pima. Kilo moja ya mchele uliyoanza nayo itarudi karibu kilo ile ile. Utaniuliza, faida iko wapi basi? Faida ni kwamba mchele huu umekwisha pikwa. Mbichi unataka moto wa nusu saa, huu unataka maji yaliyochemka mara moja tu.

Hatua ya pili: mchuzi wa maharage

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Roweka maharage usiku kucha, mwaga maji hayo. Yachemshe kwa nguvu dakika kumi za mwanzo, hasa maharage mekundu, kisha punguza moto yaive mpaka yaweze kupondeka kwa vidole. Mbali, kaanga kitunguu maji kwa kijiko kimoja cha mafuta tu, utie kitunguu thomu, tangawizi, bizari, halafu tungule (nyanya) zilizosagwa. Acha zikauke mpaka rojo lizito. Changanya na maharage.

Sasa ponda. Si yote, kama theluthi mbili. Harage zima lina ganda, na ganda linazuia maji kutoka ndani. Nje utaliona kavu, ndani lina unyevu, na wiki mbili baadaye chupa nzima imeota ukungu kwa sababu ya maharage kumi. Hayo mazima unayoyabakisha yawe yale yaliyopasuka wakati wa kupika.

Tandaza kwenye karatasi ya kuokea, unene usizidi nusu sentimita. Kama huna karatasi hiyo, jani la mgomba lililobabuliwa motoni linafaa, ila jani halipitishi hewa, kwa hiyo uso wa juu ukishika geuza mchuzi juu ya wavu na uvue jani. Nyuzi 60, masaa manane mpaka kumi. Utapata magamba yanayovunjika mkononi. Yakipinda kama ngozi, bado.

Chooko (choroko) na kunde zinakwenda kwa njia hiyo hiyo, na chooko ni nyepesi zaidi. Mimi napenda kuchanganya wali na chooko kavu, ukirowa unakuwa kama mseto.

Hatua ya tatu: mboga

Mchicha uchovye kwenye maji yanayochemka dakika mbili, uukamue, uutawanye. Unakauka upesi. Karoti na pilipili boga zikatwe nyembamba. Tungule, kilo nzima itakupa kiganja kidogo tu, maana karibu yote ni maji. Bamia sijaipenda.

Hatua ya nne: wasio na oveni

Tusidanganyane: chakula kilichopikwa hakianikwi juu ya jamvi kama karafuu. Karafuu ina mafuta yake makali yanayoilinda. Wali hauna ulinzi wowote, na hewa yetu ina unyevu mwingi. Utakauka polepole, utachacha kabla ya jioni, na nzi watakuwa wameshakula kabla yako.

Tumia sanduku la jua. Langu ni la mbao, urefu mita moja, upana nusu mita. Chini nimetandika bati nililolipaka rangi nyeusi, juu kuna kioo cha dirisha kilicholala mshazari. Upande wa mbele chini kuna matundu, upande wa nyuma juu kuna mengine, yote nimeyaziba kwa chandarua. Hewa inaingia chini, inapata moto, inapanda, inatoka juu na mvuke wake. Usizibe matundu ili upate joto zaidi, utakuwa unapika kwa mvuke. Tia kipimajoto ndani, kwa jua la kaskazi utapata nyuzi 50 mpaka 60 kuanzia saa nne mpaka saa tisa. Jua likizama na chakula hakijakauka, kitie kwenye friji usiku, kesho uendelee. Wakati wa masika nalifunika gunia na kulisahau.

Hatua ya tano: kupima na kuhifadhi

Usipime chakula kikiwa cha moto, cha moto hulaghai. Kiache kipoe kabisa. Kisha kitie kwenye chupa ya kioo ijae theluthi mbili tu, ufunge, na uitikise kila siku kwa wiki moja. Ukiona umande ndani ya kioo, au vipande vinagandana, rudisha jotoni siku hiyo hiyo. Ukiona ukungu, tupa chupa yote. Usichague.

Baada ya wiki hiyo gawa mlo mmoja mmoja, weka pahala baridi penye giza. Kwa joto letu nakula ndani ya miezi mitatu, mchuzi wa nyama ndani ya mwezi.

Hatua ya sita: kula

Kikombe kimoja cha mchanganyiko wa wali na mchuzi mkavu, maji kikombe kimoja na nusu. Kuni zikiwa haba, rowesha kwanza kwa maji baridi dakika kumi, ndipo uchemshe. Ukishachemka epua, funika, zungushia kanga kuukuu, ngoja robo saa. Tia mafuta, tui, ndimu. Kikisharowa ni chakula kama chakula kingine: kile kiishe, usikiweke mpaka asubuhi.

Na usitarajie kuokoa maji. Kisiwa kisicho na maji tamu, maji ya kuroweshea utayabeba kwenye madumu vilevile. Unachookoa ni kuni, muda na friji.

Maswali

*Nahodha, Kojani:* Ami, sie tunatoka watu wanane, siku tano za bamvu (maji makubwa). Nikaushe kiasi gani?

Nahodha, mvuvi aliyevuta nyavu hali kama mtu wa ofisini. Weka gramu 150 za wali mkavu kwa mtu kwa mlo, na gramu 60 za mchuzi mkavu. Kwa mlo mmoja wa watu wanane ni wali kilo 1 na gramu 200, mchuzi karibu nusu kilo. Kama mnakula hivi mara moja kwa siku, usiku, siku tano ni wali kilo 6 na mchuzi kilo 2 na nusu. Asubuhi mpike uji. Samaki sikuhesabu, huko ndiyo kazi yenu.

*Mama wa Mkoani:* Nina jiko la mkaa tu. Naweza kupalia makaa juu ya kifuniko kama napika mkate?

Kwa mkate sawa, dada. Kwa kukausha hapana. Makaa huyawezi kuyashika kwenye nyuzi 60 kwa masaa manane. Yatachoma juu na kuacha maji ndani. Mtafute fundi seremala akutengenezee sanduku, mabaki ya mbao yanatosha.

*Kijana wa Wete:* Kwa nini tusikaushe mchuzi wa jodari? Sie tunao bei rahisi siku hizi.

Siupendekezi hata kidogo. Jodari na vibua wakikaa kwenye joto, tangu walipotoka majini, nyama yao hutengeneza histamini. Mtu anawiva uso, kichwa kinamgonga, moyo unakwenda mbio, anatapika. Kuchemsha hakuiondoi na kukausha hakuiondoi, na wala samaki hanuki vibaya lazima. Wewe jodari umemnunua sokoni saa nne, hujui alipita kwenye barafu au hakupita. Ukitaka nyama, chukua ng'ombe steki isiyo na mafuta, isage, ipike mpaka ikauke maji yake, mimina maji ya moto juu yake uichuje mafuta yaondoke, ndipo uitandaze.

*Mwanachama, Mjini:* Chakula cha safari huwekwa kwenye vifuko vya plastiki. Zanzibar vimepigwa marufuku. Tufanyeje?

Ndiyo maana mimi natumia chupa na makopo. Chupa za jemu kwa nyumbani, na kwa baharini makopo ya maziwa ya unga, maana kioo na mashua havipatani. Kopo lioshe, likauke juani siku nzima, ndani utie karatasi ya kuokea. Pembeni ya kifuniko zungusha utepe wa gundi ili unyevu wa bahari usipenye.

*Mwanafunzi, Tunguu:* Niko dahalia (bweni), kupika vyumbani haturuhusiwi. Kitafaa kwa daku?

Kitafaa sana, mwanangu. Baada ya tarawehe jaza chupa ya chai maji yanayochemka. Saa kumi usiku yatakuwa bado ya moto, ila hayachemki tena, kwa hiyo ngoja nusu saa badala ya robo. Tumia chooko, si maharage, na mchicha uuponde uwe unga. Jaribu usiku mmoja kabla ya Ramadhani, usije ukaanza saumu na wali mgumu.

*Mama wa Mkoani, tena:* Umeme wake je? Mwanangu wa Unguja anataka kuniletea mashine ya kukaushia.

Tazama nyuma ya mashine, imeandikwa wati ngapi. Ya wati 500 ikiwaka masaa kumi inakula yuniti tano, pengine pungufu kwa sababu hujizima ikifika joto uliloliweka. Ijaze treya zote kila unapoiwasha. Na mwambie achague yenye feni nyuma, si ile yenye moto chini bila feni. Hiyo itakukaushia treya ya chini, ya juu ikabaki mbichi.

*Kijana wa Wete, tena:* Na urojo, ami?

Rojo lake la unga na embe nimelijaribu, linakauka vizuri na linarudi vizuri. Bajia zina mafuta, utarudi kwenye pilau langu la kufulia.