Tambi za kukaanga na kuku kwa mtindo wa Kichina, kwenye mbabula (jiko la makaa) ya nyumbani

Napika kwenye sherehe hapa Goma, na siku hizi tambi za Kichina zinaombwa hata kwenye ubatizo. Wanaojaribu nyumbani huniletea lalamiko lile lile: tambi zimegandana, kuku ni mgumu, na chini ya sufuria kumebaki mchuzi ambao hakuna aliyeutaka. Karibu kila mara chanzo ni maji. Kuku alilowa, shu (kabichi) ilioshwa ikakatwa papo hapo, tambi hazikuchujwa vizuri, kisha vyote vikamiminwa pamoja kwenye sufuria moja. Hapo hukaangi tena, unachemsha.

Elewa sababu kwanza, hatua zote zinaitegemea. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na huku kwetu maji yanachemka kwenye nyuzi joto 95 hivi, si 100. Nyama ikiwa imelowa, joto la juu yake haliwezi kupita hapo mpaka maji yakauke. Ile rangi ya kahawia na harufu ya nyama iliyokaangwa huanza kutokea kwenye nyuzi 140 hivi. Kwa hiyo kazi yetu ni mbili tu: kukausha kila kitu, na kuwasha moto mkali kweli. Kwa moto, mwenye mbabula iliyojaa makala (makaa) mazuri amemzidi mwenye jiko dogo la umeme. Nasema hivi kwa sababu wengi wanadhani chakula hiki kinahitaji jiko la hoteli.

Vinavyohitajika kwa watu wanne

Nusu pakiti ya spageti, yaani gramu 250. Tambi za Kichina za ngano na mayai ukizipata kwenye duka kubwa la mjini, nunua. Lakini spageti inatosha, nitakuonyesha namna ya kuibadilisha.

Nyama ya kuku isiyo na mfupa, gramu 400. Hiyo hutoka kwenye mapaja makubwa mawili au matatu.

Robo ya shu, karoti mbili, pwaro moja (liki), pwavro moja (pilipili hoho). Punje tatu za kitunguu saumu, na tangawizi mbichi ya urefu wa kidole gumba.

Sosi ya soya, maizena (wanga wa mahindi), sukari, pilipili manga, na mafuta meupe yasiyo na harufu, ya alizeti au ya soya. Mawese mekundu yaache kwa sombe (majani ya muhogo). Ladha yake ni nzuri lakini ni kubwa, itafunika kila kitu humu. Kwa spageti utahitaji pia bikaboneti, ile wengine wanaita magadi soda.

Hatua ya 1: Kuku

Chukua mapaja, si kidari. Paja lina mafuta kidogo ndani na linavumilia moto mkali. Kidari ukikichelewesha dakika moja tu kimekauka.

Laza paja ngozi ikiwa chini. Utaona mstari mweupe wa mafuta unaofuata mfupa. Pitisha ncha ya kisu kwenye mstari huo, toka mwisho wa mguu, pita kwenye goti, mpaka juu. Kisha usikate nyama: kwaruza mfupa kwa ncha ya kisu, kidogo kidogo, mpaka nyama ijiachie pande zote mbili. Ingiza kisu chini ya mfupa, uuinue, malizia kwenye goti. Papasa kwa kidole pale kiungo kilipokuwa, kuna kipande cha gegedu hubaki hapo, kitoe. Mifupa usiitupe. Ichemshe na ganda la tangawizi na majani ya pwaro. Supu yake tutaitumia, na inayobaki ni chakula cha kesho.

Kata nyama kwa kukatisha nyuzi zake, vipande vyembamba vya upana wa kidole kidogo. Kama mapaja ni ya friza, yakate yakiwa bado magumu katikati, kisu kinapita vizuri zaidi. Kisha yaache yayeyuke kabisa, mwaga maji yake, na kausha nyama kwa kitambaa safi, ukikibonyeza mpaka kisilowe tena. Kitambaa hicho, ubao na kisu vioshwe kwa sabuni kabla ya kugusa mboga. Kuku mbichi anabeba vijidudu vinavyoharisha.

Kuhusu kuku wa kienyeji, namthamini sana kwa mchuzi na bugali (ugali), lakini hapa hafai. Vivyo hivyo kuku mzee wa mayai aliyestaafu. Dakika nne za moto hazimlainishi. Kama ndiye pekee uliye naye, mchemshe mpaka alainike, mchambue, umkaushe, na umwingize mwishoni kabisa.

Hatua ya 2: Kumvalisha kuku

Hatua hii ndiyo inayofanya kuku wa Kichina awe mlaini na wetu awe mkavu, na haichukui dakika tano. Kwenye bakuli, changanya nyama na kijiko kimoja cha chakula cha sosi ya soya na kijiko kimoja cha maji. Sugua kwa mkono mpaka majimaji yote yanywewe na nyama. Ongeza kijiko kimoja cha chakula cha maizena, sugua tena mpaka kila kipande kiwe na utelezi. Malizia na kijiko cha mafuta ili vipande visishikane. Acha nusu saa.

Maizena hufanya koti jembamba linalozuia maji ya ndani ya nyama yasitoke, na ndilo linaloshika rangi. Kama huna, wanga mweupe wa muhogo unafaa. Ila usichukue unga wa muhogo wa bugali: umechachushwa, una nyuzi, na utakupa uchachu na madongo.

Hatua ya 3: Mboga

Mashu na karoti zinazoshuka toka Kibumba, kaskazini mwa Goma, zinafaa sana kwa kazi hii, maana ni ngumu na hazilegei haraka. Zioshe mapema, hata saa mbili kabla, uziache kwenye kikapu zikauke. Kata vyote virefu na vyembamba ili viende pamoja na tambi kwenye uma. Karoti iwe nyembamba kuliko vyote kwa sababu ndiyo inayochelewa kuiva. Pwaro ipasue urefu na uioshe ndani, mchanga hujificha kati ya majani. Tenga vigumu (karoti, vigogo vya shu) na vilaini.

Saumu na tangawizi vikatwe vidogo kwa kisu. Ukivitwanga kwenye kinu vinatoa maji, na vinaungua.

Hatua ya 4: Sosi

Kwenye kikombe: vijiko vitatu vya chakula vya sosi ya soya, vitatu vya supu ya mifupa, kijiko cha chai cha sukari, nusu kijiko cha chai cha maizena, pilipili manga. Koroga sasa, na ukoroge tena kabla ya kumimina, kwa sababu maizena huzama.

Usiweke chumvi, na tafadhali usiweke Maggi. Kijiko kimoja cha chakula cha soya ya kawaida kina chumvi inayokaribia nusu kijiko cha chai. Umekwisha kuweka vinne, ukihesabu cha nyama. Kama unayo soya nyeusi nzito, ile ya kutia rangi, ongeza kijiko kimoja cha chai.

Hatua ya 5: Moto, na spageti wakati moto unapanda

Washa mbabula nje au barazani, kamwe si ndani ya chumba kilichofungwa. Hapa Goma tunajua mazuku, ile hewa nzito inayolala mabondeni na kuua bila kuonekana. Hewa ya makala yanayoungua ni nyingine, inaitwa monoksidi ya kaboni, lakini nayo haina harufu na inaua.

Jaza mbabula mpaka juu, ili chombo kikae karibu na makala. Chagua makala mazito ya mti mgumu, yale yanayolia kama chuma ukiyagonganisha. Mepesi yanashika haraka na yanakwisha kabla hujamaliza. Makala yana wakati wa kupanda, wakati wa kilele, na wakati wa kushuka. Yakiwa yanapanda, chemsha spageti. Yakifika kileleni, kaanga. Ukifanya kinyume utakaanga kwenye moto unaokufa.

Maji yakichemka, lita tatu, tia bikaboneti, kijiko cha chai kimoja kwa kila lita. Itafuka povu, kwa hiyo sufuria isijae. Tambi nyingi za Kichina hukandwa na magadi ya aina yake, na ndiyo yanayozipa rangi ya njano na ule mvutano kwenye meno. Bikaboneti kwenye maji inaikaribisha spageti huko.

Fuata dakika zilizoandikwa kwenye pakiti na usiongeze. Kwa kawaida huku juu tunaongeza, kwa sababu maji yetu yanachemka kwenye joto la chini. Lakini hapa tunataka spageti itoke ikiwa bado na kiini kidogo, na dakika za pakiti zinatupa hicho hasa. Bikaboneti inaweza kuharakisha ulaini, basi onja mapema. Mwaga, suuza kwa maji baridi mpaka utelezi uishe, chuja, kisha uitandaze kwenye sinia pana na kijiko kimoja cha mafuta. Iache ipoe na ikauke juu. Ukipenda, fanya kazi hii asubuhi, ni bora zaidi.

Hatua ya 6: Kukaanga

Panga kila kitu karibu na mkono kabla ya kuanza: kuku, mboga, tambi, kikombe cha sosi, sahani tupu. Ukishaanza hakuna nafasi ya kwenda kutafuta kijiko.

Chombo kizuri ni karai la chuma. Sufuria nzito ya aluminiamu inafaa pia. Kikaangio chenye ngozi nyeusi isiyoshika usikiweke kwenye makala ya kilele. Ngozi ile ikipata moto kupita kiasi huharibika na kutoa moshi mbaya.

Pepea makala mpaka yawe mekundu na yasiwe na moshi. Weka karai tupu. Dondosha tone la maji: likitulia na kuchemka, bado, likikimbia juu ya chuma na kutoweka, tayari. Tia vijiko viwili vya mafuta, zungusha karai, na uweke nusu ya kuku, ukivitandaza vipande visilaliane. Sasa ondoa mkono. Kwa dakika nzima usiguse. Hapa ndipo wengi wanaharibu, wanakoroga kwa wasiwasi na koti la maizena linabaki chumani.

Sikiliza. Mlio mkali, wa kupasukapasuka, maana yake maji yanatoka na kukauka papo hapo. Mlio ukishuka ukawa mzito, na ukaona majimaji pembeni, umejaza mno: toa nusu, pepea, subiri mlio urudi. Kipande kikijiachia chenyewe toka kwenye chuma, geuza. Upande wa chini utakuwa na rangi ya dhahabu yenye madoa ya kahawia. Dakika moja na nusu au mbili nyingine, na kipasue kimoja uhakikishe ndani hakuna wekundu. Toa kwenye sahani. Rudia na nusu ya pili.

Anayetumia jiko la umeme agawe kuku mara tatu au nne. Itachukua muda, lakini itatoka sawa.

Hatua ya 7: Kuunganisha

Kijiko cha mafuta, vigogo vya shu na karoti, dakika moja na nusu. Vilaini, nusu dakika. Sukuma vyote pembeni, tia mafuta kidogo katikati, saumu na tangawizi. Vikinukia tu, sekunde kumi na tano hivi, changanya. Shu iwe bado inalia ukiiuma.

Mwaga tambi. Zitandaze, ziache nusu dakika ziguse chuma, kisha zinyanyue kwa miiko miwili toka chini kwenda juu. Ukizikoroga kama bugali utazikata. Rudisha kuku, koroga kikombe, na umimine sosi ukizungusha ukingoni mwa karai, si katikati. Ukingoni chuma ni kikavu na cha moto, soya inaungua kidogo kabla ya kushuka, na hiyo ndiyo harufu unayoikuta mlangoni mwa mkahawa wa Kichina. Nyanyua, nyanyua, dakika moja tu, mpaka kila uzi ung'ae na chini kusibaki mchuzi. Epua. Matone machache ya mafuta ya ufuta, kama unayo, yatiwe baada ya kuepua; moto unaua harufu yake.

Pakua papo hapo, na pilipili ya kusaga pembeni kwa anayetaka.

Kama nyumbani mko wanane, usizidishe vipimo kwenye karai lile lile. Andaa vitu mara mbili na ukaange mara mbili, ukiongeza makala machache kati ya duru. Hata mimi kwenye harusi nakaanga duru ndogo ndogo, na mtu mmoja hana kazi nyingine ila kupepea.

Kinachobaki kiingie kwenye friji ndani ya muda wa saa mbili baada ya kupika na kiliwe kesho yake, kikipashwa kwenye karai la moto na kijiko cha maji. Mtaani kwako umeme ukiwa wa kukatika usiku, pika cha kuisha.