Somo: Maneno ya mirathi ya kuyajua kabla hujasaini

Leo ni mirathi za Mahakama ya Mwanzo, Tanzania Bara, pale marehemu alipoishi kwa mila au kwa sheria ya Kiislamu.

1. Kikao cha ukoo. Ndugu wanakaa, katibu anaandika muhtasari, wote wanasaini. Familia nyingi huharibu hapahapa. Wanaandika: "Kikao kimemteua kaka mkubwa kurithi nyumba na shamba." Andikeni: "Kikao kimempendekeza fulani awe msimamizi wa mirathi." Mrithi ana haki ya kupata fungu. Msimamizi ana kazi: kukusanya mali, kulipa madeni, kugawa. Mtu mmoja anaweza kuwa vyote viwili, ila usimamizi peke yake haumpi hata sahani. Na kikao kinapendekeza tu, anayeteua ni mahakama.

2. Maombi. Fomu Na. 1, cheti cha kifo, muhtasari, na wosia kama upo. Tajeni wajane na watoto wote. Anayefichwa leo ndiye atakayerudi na kesi kesho.

3. Tangazo. Mahakama inatangaza maombi. Mwenye pingamizi, iwe dhidi ya mwombaji au dhidi ya wosia, alete ndani ya muda uliotajwa.

4. Uteuzi. Msimamizi anapewa Fomu Na. 4. Tangu siku hiyo ana miezi minne kupeleka Fomu Na. 5, yaani orodha ya mali na madeni yote ya marehemu, isipokuwa mahakama imwongezee muda. Hesabu za alichokusanya, alicholipa na alichogawa zinaingia Fomu Na. 6. Warithi, ulizieni fomu hizi mbili mahakamani. Msimamizi anayezikwepa ni wa kutiliwa shaka mapema.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Baba alitamka mbele yetu watoto watatu kwamba shamba ni la mdogo wetu. Huo ni wosia?*

Marahaba. Kwa sheria ya kimila ya mwaka 1963, wosia wa mdomo unataka mashahidi wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki. Hapo bado haujatimia. Kama baba alikuwa Mwislamu, wosia hauvuki theluthi moja ya mali, na mrithi hausiwi mpaka warithi wenzake waridhie.

*Shemeji ndiye msimamizi, na hati ya kiwanja cha marehemu mume wangu sasa ina jina lake. Ndiyo nimeshanyang'anywa?*

Hapana, dada yangu. Isome hati vizuri. Ikiwa jina lake limefuatiwa na maneno "msimamizi wa mirathi ya marehemu", anakishikilia kwa niaba yenu. Ikiwa maneno hayo hayapo, chukua namba ya shauri, nenda mahakama ileile iliyomteua, lalamika kwa maandishi na uombe uteuzi wake utenguliwe. Nenda wiki hii, maana akishauza utakuwa na kesi mbili: yake na ya mnunuzi.