Daktari kasema ni "sindromu", sasa we uliza nini

Watu wetu wa Masasi, Newala, Nachingwea huko, mtu anatoka hospitali na karatasi imeandikwa sindromu fulani, akifika nyumbani wanamuuliza mgonjwa anaumwa nini anataja lile jina basi, kama vile kazi imeisha. Haijaisha.

Iko hivi. Ukisikia ugonjwa, mara nyingi chanzo kinajulikana. Malaria ni vimelea, matende na mabusha ambayo pwani hii tunayajua vizuri ni minyoo anayoleta mbu. Sindromu ni dalili zinazotokea pamoja zikapewa jina moja, chanzo kinaweza kuwa kimoja, vikawa vingi, au hakijulikani. Ni kama mtu aseme maua ya mikorosho yamekauka, sawa, ila ni ubwiriunga, yaani ukungu, au mbu wa mikorosho, yule mdudu anayefyonza? Maana salfa ni ya ubwiriunga, ukiipuliza kumbe ni mdudu, hela imeenda.

Kwa hiyo kwanza uliza ni dalili zipi zimemfanya daktari aseme hivyo. Chukua sindromu ya nefrotiki kwa watoto: asubuhi uso umevimba hasa machoni, jioni miguu, mkojo una povu, wakipima wanakuta protini nyingi kwenye mkojo na albumini, yaani protini ya kwenye damu, imeshuka. Wengine wanakimbilia kusema karogwa, jamani, pelekeni mkojo maabara.

Pili, na hapa ndo penyewe, uliza "chanzo chake nini?" Hiyo hiyo nefrotiki kwa mtoto mdogo mara nyingi inatokana na tatizo la figo lenyewe na inaitikia dawa ya prednisoloni, lakini kwa mtu mzima inaweza kuwa kisukari, homa ya ini B, VVU, na matibabu hayafanani. Akikujibu bado hatujajua usinune, uliza kipimo gani kinafuata na lini.

Tatu uliza dawa aliyopewa inatibu chanzo au inatuliza dalili tu.

Halafu msidhani sindromu maana yake ya kurithi au haina dawa. Na chanzo kikishajulikana jina linaweza kubaki vile vile: sindromu ya Down tangu 1959 inajulikana ni kromosomu ya 21 iliyozidi, bado inaitwa sindromu. UKIMWI nao ulipewa jina 1982, kirusi chenyewe, VVU, kikaja kuonekana 1983; UKIMWI ni jina la sindromu na VVU ni chanzo chake, ndo maana mtu anaweza kuwa na VVU na asiwe na UKIMWI. Hata chikungunya iliyoelezwa mara ya kwanza huku huku uwanda wa Makonde miaka ya 1952 na 1953, watu walianza kuona homa na viungo kukakamaa, kirusi kikatambuliwa baadaye.

La mwisho kwa wenye mtoto wa nefrotiki: uvimbe ukipungua msikatishe prednisoloni ghafla, inapunguzwa kidogo kidogo kwa maelekezo ya daktari, na akipata homa, tumbo kuuma sana au kuhema kwa shida, mrudisheni hospitali siku hiyo hiyo.