Kunazi: usichume mti mmoja tu

Nyumbani kwetu Kisauni palikuwa na mkunazi ambao tunda lake halikuwa na mfano mtaani. Ulipokatwa kupisha ukuta, nilikuwa nimeshaotesha miche 40 kwa kokwa zake, nikajua nimeuokoa. Ilipozaa, hakuna hata mmoja uliotoa kunazi kama zile. Nzi na nyuki walileta chavua ya mikunazi mingine, kwa hivyo kila mche ulikuwa na baba wa kwake. Na bado wote arubaini walikuwa wa mama mmoja.

Basi amua mwanzo unataka nini. Ukitaka mti ule ule, tafuta fundi wa kitalu abebeshe jicho la mti huo (tumba la chipukizi) kwenye mche mwingine kabla shoka halijafika. Ukitaka kuhifadhi kunazi zenyewe, na tofauti zake zote, kusanya mbegu za miti mingi.

Lenga miti 30. Sifa iliyomo katika mti mmoja kati ya kumi, ukichuma miti mitano tu, kuna zaidi ya nusu ya uwezekano utaikosa. Ukichuma 30, uwezekano huo hushuka hadi kama asilimia 4. Wala usichague tamu peke yake. Mti wenye kunazi chachu huenda ndio unaostahimili chumvi ya ufukweni au kiangazi. Omba ruhusa ya mwenye shamba. Angalia na makaburini: kwetu majani ya mkunazi huoshewa maiti, na mingine imesalimika kwa ajili hiyo.

Chuma zilizoiva, idadi sawa kila mti. Mimi huchukua 20, nyingine nawaachia watoto na ndege. Kila mti na mfuko wake. Ndani tia karatasi iliyoandikwa kwa penseli, maana wino hufutika ukiloa: mahali, tarehe, udongo, ladha. Niliwahi kuosha kokwa za miti sita katika beseni moja, na mpaka leo sijui ipi ni ya wapi.

Ondoa nyama, osha, kisha zitumbukize majini. Zinazoelea aghalabu ni tupu. Anika kivulini. Halafu kaanga mchele mkavu, uache upoe, uutie chupani pamoja na mfuko wa kokwa na ufunge kwa wiki mbili, unyonye unyevu uliobaki. Toa mchele, funga tena, weka kwenye friji.

Kokwa ipasue siku ya kupanda tu. Ilaze ubavu juu ya jiwe, ifunike kitambaa, uigonge kidogo kidogo kwa nyundo ndogo hadi usikie "ta". Ndani mna mbegu moja au mbili, bapa, za hudhurungi, ziking'aa kama zimepakwa mafuta. Iliyotolewa hivyo huota kwa wiki moja hivi. Ndani ya kokwa hukawia sana.

Zambarau usiifanyie haya. Mbegu yake ikikauka imekufa, kwa hivyo hifadhi yake ni miti hai shambani.

Mbegu zako zigawe, nusu zikae kwa mtu mwingine, friji isije ikaharibika na zote zikaenda. Benki ya Jeni ya Kenya, yaani hifadhi ya mbegu ya taifa, iko Muguga karibu na Nairobi tangu 1988, na mbegu zilizokauka sawasawa huko hugandishwa.

Mimi nimefikia miti 23. Wa 24 nimeambiwa uko Mtongwe, nyuma ya msikiti, na kunazi zake ni ndogo kama pilipili manga.