Umeumia Mkono? Anza na Vidole

Wanaoletwa chumba cha majeruhi huuliza swali lilelile: "Dokta, umevunjika?" Mimi mfupa nautazama baadaye. Mfupa uliovunjika bila kutoboa ngozi mara nyingi unaweza kungoja kuche, lakini vidole visivyopata damu havingoji. Kwa hiyo fuata mpangilio huu.

Hatua ya 1: Vua pete, saa na bangili. Fanya hivyo sasa hivi, kabla uvimbe haujapanda. Pete ikigoma, paka sabuni. Ukichelewa tutaikata, hata kama ni ya ndoa.

Hatua ya 2: Pima damu. Bonyeza ukucha mpaka uwe mweupe, kisha achia. Rangi irudi ndani ya sekunde 2 hivi. Linganisha na mkono mzima. Vidole vikiwa baridi, vimepauka au vimekufa ganzi, ondoka kwenda hospitali muda huohuo.

Hatua ya 3: Pima mishipa ya fahamu na kano. Kunja ngumi. Inua kidole gumba juu. Gusisha ncha ya gumba na ya kidole cha shahada zifanye duara. Tanua vidole vyote. Likishindikana hata moja, nenda.

Waliokatwa na kisu, panga au kioo wawe makini hapa. Kidonda cha sentimita 1 kinaweza kuacha kano imekatika ndani, na kano ya kidole iliyokatika kabisa hairudi kuungana kwa bandeji. Kano iliyokatika nusu bado hukunja kidole, ndiyo maana jeraha lenye kina lionwe siku hiyohiyo hata kama vidole vinacheza.

Hatua ya 4: Sasa tazama mfupa. Mkono uliopinda, au mfupa unaoonekana kwenye kidonda, hauna mjadala. Kiwiko cha mtoto aliyeanguka mwembeni kikivimba, usikinyooshe wala usikivute. Mshipa mkubwa wa damu unapita hapohapo.

Kinachonisumbua zaidi ni yule aliyerushwa na bodaboda akajikinga kwa kiganja, akasema "nimeteguka tu." Tanua gumba: chini yake, upande wa mgongo wa mkono, hutokea kishimo. Kibonyeze. Kikiuma, huenda skafoidi, mfupa mdogo wa kifundo cha mkono, umepata ufa. Eksirei ya kwanza inaweza isiuonyeshe, basi tunakufunga na kurudia picha baada ya siku 10 hadi 14. Rudi kweli. Sehemu kubwa ya damu ya mfupa huu huingilia upande wa mbali, kwa hiyo ukipuuzwa kipande kimoja kinaweza kufa, na kifundo kikauma kwa miaka.

Hatua ya 5: Usichuliwe kabla ya picha. Siwadharau wachuaji, ila mkono uliovunjika haukandwi. Vipande vya mti vikifungwa kwa kukaza sana, misuli hukosa damu na kuanza kufa ndani ya saa chache. Dalili ni maumivu yanayozidi badala ya kupungua, hasa mtu mwingine anapokunyoosha vidole. Hata tukiwa ni sisi tuliokufunga hogo, rudi usiku huohuo, usisubiri tarehe ya kliniki.

Hatua ya 6: Cha kutibu nyumbani. Uvimbe mdogo, vidole vizima, unashika kikombe? Pumzisha mkono, uinue juu ya usawa wa moyo, weka barafu iliyofungwa kitambaani dakika 15 hadi 20. Siku 3 zikipita bila nafuu, nenda.

Usijitibu nyumbani ukiwa umeng'atwa, au ngumi yako imekutana na jino la mtu. Kidonda huonekana cha kitoto, lakini usaha huingia kwenye kiungo. Fundi wa gereji aliyepigwa na bomba la grisi, vivyo hivyo: tundu ni dogo, grisi imeshasafiri ndani.

Hatua ya 7: Njiani. Damu inayotoka ikandamize kwa kitambaa safi bila kuachia. Mkono ufungwe kwa kanga shingoni. Kidole kilichokatika kizungushie kitambaa safi chenye unyevu, kitie mfuko wa plastiki, ndipo mfuko ukae juu ya barafu. Kisigusane na barafu yenyewe. Usipake dawa ya meno wala kahawa. Ukifika, ulizia chanjo ya pepopunda. Na usimnyweshe majeruhi chai njiani. Akihitaji upasuaji, tumbo tupu litatupunguzia kusubiri.