Judo: jifunze kuanguka kabla ya kuangusha

Kijana anayeingia dojo, ukumbi wa mazoezi ya judo, kwa mara ya kwanza hutaka afundishwe kutupa watu. Mnyime. Wiki nne za mwanzo ni za ukemi tu, yaani kuanguka bila kuumia. Klabu inayoruka hatua hii, wanafunzi wake huondoka mmoja mmoja na mikono iliyoteguka.

Angalia kwanza mnapoangukia. Tatami, yaani mkeka mnene wa judo, ina mita 1 kwa 2 na unene wa sentimita 4 hadi 5, na hupangwa zikabanana kabisa, maana kidole cha mguu kikinasa kwenye mwanya huku mwili unageuka, kinavunjika. Mkeka juu ya saruji haufai hata kwa siku moja. Godoro la sponji ni laini lakini lina hatari yake: mguu unazama, kiuno kinazunguka, goti linabaki pale pale. Litumieni la kuangukia tu, si la kusimamia mkashikana. Kwa klabu zisizo na tatami, Unguja na Pemba tuna pwani. Mchanga mkavu wa juu unafaa kwa kubiringika. Ule uliolowa karibu na maji umeshikamana kama sakafu, uacheni. Pitisheni mikono kwanza mtoe makombe na vipande vya chupa.

Anza na ushiro ukemi, kuanguka chali. Lala, inua kichwa, tazama fundo la mkanda wako. Pishanisha mikono mbele ya kifua, kisha piga chini kwa mikono yote miwili kwa pamoja, viganja vikielekea chini, mkono mzima tangu vidoleni hadi karibu na kwapa. Kati ya mkono na ubavu ibaki nafasi ya nyuzi 30 hadi 45. Ukiupanua mpaka usawa wa bega, kishindo chote kinapanda begani. Ukiubana sana, kiwiko kinaingia chini ya mbavu. Toa pumzi unapopiga. Fanya mara 20, pumzika, rudia. Sikiliza: inatakiwa sauti moja kavu. Zikisikika mbili, mikono haiendi pamoja.

Ukizoea, fanya ukiwa umekaa, halafu umechuchumaa, mwisho umesimama. Kutoka kusimama usijirushe nyuma. Kunja magoti, shusha makalio mpaka karibu na visigino, ndipo ujiviringishe mgongoni. Makosa mawili ndiyo yanayoumiza. La kwanza ni kupeleka mkono nyuma kuitafuta ardhi: kifundo, kiwiko au mtulinga ndio utakaobeba uzito wote. La pili ni shingo iliyochoka. Kidevu kinaachia, kisogo kinagonga. Mwalimu akiona vichwa vinaanza kutetemeka, abadilishe zoezi hata kama hesabu haijatimia.

Kuanguka ubavu, yoko ukemi, hufuata namna ile ile kwa mkono mmoja. Cha kuchunga ni miguu: isipishane, la sivyo vifundo vinagongana.

Kazi kubwa ipo kwenye kubiringika mbele. Ukianza kulia, tanguliza mguu wa kulia, pinda mkono wa kulia uwe upinde usiovunjika, upande wa kidole kidogo ukitangulia, kichwa ukigeuzie kushoto. Mwili upite juu ya mkono, bega la kulia, ukate mgongo mshazari mpaka nyonga ya kushoto, halafu mkono wa kushoto upige chini. Vijana waliozoea makachu, kujirusha baharini, pale Forodhani hawana woga wa kuruka, na hilo ni jema, lakini wengi hupitisha mwili juu ya utosi moja kwa moja. Baharini maji yanapokea; hapa inapokea shingo. Mkiwa pwani, mtazame mtu mgongo baada ya kubiringika akiwa na jasho: mchanga ulionata unatakiwa upige mstari wa mshazari kutoka bega moja hadi nyonga ya upande wa pili. Ukiwa umetapakaa kwenye uti wa mgongo, amepita wima. Ukiwa umejaa nchani mwa bega tu, mkono wake ulikunjika njiani.

Usimruhusu mtu atupwe mpaka abiringike mara 10 mfululizo kila upande bila kosa. Hata hapo, usalama wake uko kwa mwenzake vilevile. Jigoro Kano, aliyeasisi Kodokan, shule ya kwanza ya judo, mjini Tokyo mwaka 1882, aliweka manufaa ya wote wawili kuwa msingi wa judo, na msingi huo unaonekana kwenye mshiko wa mkono wa nguo. Anayetupa haachii mkono huo. Mwenzake anapokaribia chini, anauvuta juu ili kichwa kibaki hewani. Anayeachia asimamishwe, hata kama mtupo wenyewe ulikuwa mzuri. Osoto-gari, mtupo wa kufyeka mguu wa mwenzako kwa nyuma, isitupwe kwa nguvu kwa mgeni, kwani inampeleka chali na kisogo mbele ya kila kitu. Wakubwa ndio watupwe na wadogo mara nyingi zaidi, ili mdogo aone kwa karibu inavyofanyika.

Kwenye kukaba na kupinda viungo, ukishindwa gonga mara mbili au zaidi mwilini mwa mwenzako, si hewani. Mikono ikibanwa, gonga kwa mguu au sema "maitta", yaani nimeshindwa. Aliyegongewa huachia papo hapo, hana la kujadili.

Kabla ya salamu, kata kucha, vua pete, na dada anayevaa ushungi autoe pini zote. Ramadhani, mazoezi ya kabla ya futari yawe ya ukemi polepole. Randori, pambano la mazoezi, isubiri baada ya tarawehe, watu wakishakunywa maji.

Aliyegonga kichwa hatoki jasho tena siku hiyo, hata akisema yuko sawa. Asirudi nyumbani peke yake, na watu wa nyumbani waambiwe. Akitapika, akisinzia isivyo kawaida, au kichwa kikizidi kuuma, apelekwe hospitali usiku huo huo.