Somo: Mteja akisema ana aleji, jikoni mfanye nini

Msimu wa wapanda mlima, wahudumu wa Moshi na Arusha huambiwa mara kwa mara: sili karanga, sili ngano. Wenyeji wenye aleji nao wapo, ila wengi huagiza chipsi kavu na soda, wakanyamaza. Somo hili ni la wenye migahawa na mama lishe.

1. Kaa na mpishi, mwandike kila chakula na vilivyomo. Msimwachie mhudumu akisie. Hapa ndipo penye kazi, maana vyakula vyetu vinaficha mambo. Mchicha na kisamvu huungwa kwa karanga, na karanga zikishasagwa hazionekani. Unga wa lishe mara nyingi una karanga na soya. Sosi ya soya ya kawaida ina ngano. Mtori, wapo wanaoumalizia kwa maziwa au siagi. Viungo vya pakiti, someni lebo kila mnaponunua.

2. Mhudumu aulize: ni chakula gani, na hata kidogo kinadhuru? Aandike kwenye oda, kisha amwambie mpishi kwa mdomo. "Nadhani haina" lisitamkwe. Heri mseme "hiki hatuwezi".

3. Mpishi anawe kwa sabuni. Sanitaiza haiondoi mabaki ya karanga. Sufuria, mwiko na ubao vioshwe, mafuta yawe mapya. Moto hauui aleji. Mwiko uliotoka kwenye kisamvu ukaingia kwenye maharage umeharibu maharage.

4. Mkikosea, msichambue karanga kwenye sahani mkairudisha. Pikeni upya.

5. Midomo ikivimba, sauti ikikauka, akipumua kwa shida, muulizeni kama ana sindano yake ya adrenalini, dawa ya dharura ya aleji. Huchomwa pajani, upande wa nje. Mlazeni, au akae kama pumzi inabana, wala msimtembeze. Tafuteni gari hima: Moshi kuna hospitali za KCMC na Mawenzi, Arusha kuna Mount Meru. Ile tabia ya kumnywesha mtu maziwa "yakate sumu" haisaidii kitu, na kama aleji yenyewe ni ya maziwa, mmemmaliza.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, nina karai moja tu: chipsi, samaki, sambusa, vyote humo. Nifanyeje?
— Basi chipsi zako hazimfai mwenye aleji ya samaki wala ya ngano. Mwambie wazi, umchemshie ndizi au viazi kwenye sufuria safi. Wengi watashukuru.

Hawa wasiokula gluteni, ile protini iliyomo kwenye ngano, ugali si unga pia?
— Ni unga, lakini mahindi hayana gluteni. Mtama, ulezi na muhogo vilevile. Ulizia mashine: kama inasaga na ngano, unga wako umechanganyika. Na chapati zisisukumwe jirani na sufuria yake. Unga wa ngano unapeperuka.

Shikamoo dada. Mteja ana aleji ya maziwa ya ng'ombe. Nimpe chai ya maziwa ya mbuzi?
— Marahaba mdogo wangu. Hapana. Protini zake zinafanana mno, anayedhuriwa na ya ng'ombe kwa kawaida hudhuriwa na ya mbuzi. Mtindi nao usimpe. Mpe chai ya rangi yenye tangawizi, na kijiko kisiwe kile kilichokoroga maziwa ya meza ya pili.